Barua za Boksi la Arobaini na Moja

Adongo aliisoma barua ile kama alivyozoea kusoma barua zote za kazini, kwa jicho la kutafuta makosa. Mstari wa kwanza haukuwa na kosa. Wa pili pia. Katikati ya mstari wa tatu mkono wake ukasimama juu ya kipanya cha kompyuta, kwa sababu alijua mstari ule utaishia wapi.

Hakupaswa kujua. Barua ilikuwa ya Kiingereza, imeandikwa kwa wino mwaka 1934 na mtu aliyekufa kabla mama yake Adongo hajazaliwa. Hakuwahi kuiona hata siku moja. Lakini aliijua, tena kwa moyo, tena kwa Kiswahili.

Sikumjua baba yako muda wa kutosha kumlilia kama unavyomlilia wewe. Basi nitamlilia kwa kile kipande chake ninachokiona kwako kila siku: jinsi unavyofunga mlango polepole, kana kwamba kuna mtoto amelala.

"Caren," aliita bila kugeuka. "Boksi la arobaini na moja alilichapa nani?"

Caren, msimamizi wao, alikuwa na kikombe cha chai mkononi. "Si iko hapo juu? S.W. Sydney wako. Ndiyo maana nikakupa wewe ulisahihishe. Anza kumsahihisha mume mapema."

Wenzake wakacheka. Ilikuwa Alhamisi, na ofisi nzima ilijua kwamba Jumamosi watu wa Sydney Waswa wangetoka Busia kuja Dunga kwao Adongo kwa ajili ya ayie, kile kinachopelekwa kwa mama wa msichana ili mama aseme amekubali. Sydney mwenyewe alikuwa amechukua likizo ya siku mbili kujitayarisha. Adongo naye akacheka, kicheko kikatoka kikavu kama kikohozi.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya pili, Barabara ya Oginga Odinga, juu ya duka la vitambaa la Mama Kantaben. Wachapaji walikuwa kumi na wawili. Maktaba moja kule Marekani ilikuwa na hazina kubwa ya kumbukumbu za besiboli ya kulipwa: mikataba ya wachezaji, ripoti za watu waliozunguka vijijini kutafuta vipaji, telegramu, vipande vya magazeti, na barua, maboksi kwa maboksi ya barua. Kule walizipiga picha. Kisumu walizichapa neno kwa neno, mmoja anachapa na mwingine anasahihisha, ili mtu akitafuta jina la babu yake kwenye kompyuta alipate. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona mchezo wenyewe ukichezwa. Lakini Adongo alikuwa na miaka mitatu kazini, na angeweza kukwambia ni mrushaji gani aliumia bega mwaka 1931 na daktari alisema nini.

Boksi la arobaini na moja lilikuwa la mrushaji mmoja aliyeitwa Walter Kimmel. Kazi yake ilikuwa kumrushia mpira mwenye gongo, na kwa misimu sita alisafiri kwa treni kutoka mji hadi mji huku akimwandikia mke wake, Edna, kutoka kila hoteli.

Adongo alifungua faili iliyofuata. Halafu nyingine. Hakuwa anasahihisha tena. Alikuwa anatafuta.

Treni inapokuwa inakwenda mbali nawe mimi hukaa nimeangalia nyuma. Ile alipewa na Sydney mwezi Machi, alipoenda Bondo kwa mafunzo ya wiki mbili.

Nimekuwekea kiti mezani, na mhudumu ameniuliza mara mbili kama kuna mtu anakuja. Ile alipewa siku yake ya kuzaliwa. Ilimliza.

Kila faili ilikuwa na tarehe ya siku ilipochapwa. Ile ya msiba ilichapwa Agosti kumi na mbili mwaka uliopita. Baba yake Adongo, Mzee Ochieng, fundi wa mashua, alizikwa Agosti kumi na saba.

Kufikia saa sita mchana alikuwa amezipata nane. Sydney alimwandikia barua tisa.

Alimwomba Caren ruhusa. Alisema kichwa kinamuuma, na ilikuwa kweli.

*

Ni lazima ueleweke uzito wa zile barua.

Sydney alikuwa mtu wa maneno machache kupita kiasi. Ukimuuliza habari yako anasema poa, ukimuuliza tena anasema poa tu. Mara ya kwanza alipopelekwa Dunga, alikaa kwenye kiti saa nzima akiangalia kikombe. Alipoondoka, Mama Milka, mama yake Adongo, alitikisa kichwa huku anaondoa vyombo.

"Nyathina," alisema, kwa maana ya mwanangu, "huyu ukiolewa naye utakuwa unaongea na kuku. Na kwao Busia hatujui mtu hata mmoja. Nani atatuambia hao ni watu gani?"

"Mama, hajui kuongea. Lakini ungeona anavyoandika."

"Sasa mtakuwa mnaishi nyumba moja mnaandikiana?"

Kwa miezi mingi Mama Milka alikataa. Hakutaka hata kusikia jina. Kisha Mzee Ochieng akafa ghafla, akiwa ameshika randa kando ya mashua isiyokwisha, na asubuhi ya mazishi Sydney alimpa Adongo karatasi iliyokunjwa mara nne. Adongo aliisoma nyuma ya jikoni, akaipeleka kwa binamu yake aliyekuwa anasoma rambirambi, na binamu akaisoma kwenye kipaza sauti mbele ya watu wote. Ilipofika mstari wa mwisho, akina mama wa kanisa waliinamisha vichwa.

Mbele ya wageni jikaze. Kwangu uje umevunjika.

Wiki mbili baadaye Mama Milka alisema, bila kuulizwa, "Mwambie yule kijana alete watu wake."

*

Sydney alikuwa anapanga nyumba ya chumba kimoja Nyalenda. Shangazi yake, Lornah, alikuwa amefika kutoka Busia asubuhi ile na tayari alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda, anachambua mboga.

"Bibi arusi!" alishangilia. "Kuja, kuja. Mwanaume wako yuko ndani, tangu asubuhi ananyoosha shati moja."

"Shikamoo, Shangazi. Nakuja tu kumwona dakika mbili."

"Hata kumi. Mimi sisikii, mimi ni mzee."

Sydney aliinua macho kutoka kwenye pasi na akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lile ambalo Adongo alikuwa amelipenda kabla ya barua yoyote, la mtu anayeshangaa kuwa amebahatika. Kisha akauona uso wake, na tabasamu likaondoka.

"Kuna nini? Mama amebadilisha mawazo?"

Adongo alifunga mlango. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda, kwa sababu kiti kilikuwa na suruali ya Jumamosi.

"Caren amenipa boksi nisahihishe," alisema. "La arobaini na moja."

Sydney aliiweka pasi wima, akachomoa waya ukutani, akauzungusha polepole mpaka mwisho. Alifanya hivyo kwa makini, kama mtu anayejua kwamba akimaliza kuuzungusha itabidi ageuke.

"Nilikuwa nataka kukwambia," alisema akiwa bado amempa mgongo.

"Lini?"

"Sijui. Baadaye."

"Baadaye lini, Sydney? Tukizaa? Wajukuu wakiuliza babu alimpataje bibi, ndiyo utawaambia kulikuwa na Mzungu mmoja alirusha mpira?"

"Punguza sauti. Shangazi."

"Shangazi hasikii. Amesema mwenyewe."

Nje, kisu cha Lornah kilikuwa kimenyamaza.

Sydney aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilikuwa nachapa zile barua kila siku. Miezi saba. Nachapa mtu anamwambia mke wake vitu mimi nasikia hapa," akajigusa kifua, "lakini vikifika hapa," akagusa mdomo, "vinaisha. Nikasema, huyu amekufa. Mke wake amekufa. Haya maneno yamelala kwenye boksi na hakuna mtu anayatumia. Na mimi nina mtu wa kuambia."

"Kwa hiyo ukachukua."

"Nilichukua nikakupa. Sikuyauza."

"Ungenipa ukasema ni ya nani. Ungesema, Adongo, soma hii, mimi najisikia hivi. Ningekupenda zaidi."

"Ungeniona mjinga."

"Sasa ninakuona nini?"

Sydney alikaa sakafuni, mgongo ukutani, magoti juu, miguu yake mirefu ikijaza chumba. Adongo alimtazama utosi. Alikuwa amenyoa kwa ajili ya Jumamosi, na kinyozi alikuwa amemkata kidogo nyuma ya sikio. Alitaka kunyoosha mkono aguse pale. Akaukalia mkono wake.

"Ile ya baba yangu," alisema. "Hizo nyingine sawa. Treni, kiti, meza, sawa, nitasema ulikuwa unacheza. Lakini watu walikuwa wanamzika baba yangu, Sydney. Jeneza liko pale. Na wewe unaniletea msiba wa mtu mwingine."

"Nililia nikiiandika."

"Ukitafsiri."

"Nikiitafsiri. Nililia nikiitafsiri." Akainua uso. "Unafikiri ni rahisi? Ule mstari wa mwisho, yeye aliandika njoo vile ulivyo. Vile ulivyo tu. Nikaona haitoshi. Neno moja nilikaa nalo siku mbili. Umevunjika. Hilo hakuliandika yeye. Hilo ni langu."

Adongo alijua ni kweli. Asubuhi ile alikuwa ameona tofauti, na katika hasira yake akadhani Walter Kimmel ndiye aliyekosea. Neno moja. Kati ya kurasa zote zile, neno moja lilikuwa la mwanaume aliyekuwa amekaa mbele yake, na ndilo alilolipenda kuliko yote. Lilimuuma zaidi kuliko kama hata hilo lingekuwa la wizi.

"Nilipata nane," alisema. "Ya tisa iko boksi gani?"

"Ipi?"

"Ile ya mvua. Paa linavuja, umeweka karai, unasikiliza matone."

Sydney alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kifupi, na Adongo hakuwahi kukisikia kutoka kwake. "Hiyo haiko boksi lolote. Hiyo niliandika mwenyewe, hapa, kwenye hiki kitanda. Nikaona mtu hawezi kuiba maisha yake yote, wacha nijaribu. Unakumbuka ulisema nini?"

Adongo alikumbuka.

"Ulinipigia simu," Sydney aliendelea, "ukaniuliza, 'Mpenzi, unaumwa? Mbona barua ya safari hii imepoa?' Nikasema nimechoka na kazi. Wiki iliyofuata nikarudi kwa Walter. Ukafurahi. Ukasema, 'Sasa huyu ndiye wewe.'"

Nje mtoto wa jirani alikuwa anapiga bati kwa fimbo. Lornah alimfukuza, akafukuza tena. Adongo alikuwa na la kusema, lakini kila alilolishika lilikuwa na makali pande zote mbili.

"Ulisoma boksi mpaka mwisho?" aliuliza.

"Nilihamishwa kwa ripoti kabla ya mwisho, mwingine akamalizia kuchapa. Kwa nini?"

"Alimwacha. Huyo Walter wako. Bega liliumia, timu ikamwachilia, akaenda zake. Barua za mwisho ni za Edna. Anaiandikia ofisi ya timu, anaomba kama kuna mtu yeyote anajua anwani ya mume wake."

Sydney aliyafunga macho. "Mimi si Walter, Adongo. Mimi siendi popote."

"Najua wewe si Walter. Ndiyo shida yenyewe. Aliyeniandikia ni yeye."

Alisimama. Sydney naye akasimama, na katika chumba kile kidogo hapakuwa na nafasi ya watu wawili kusimama bila kugusana. Hawakugusana.

"Jumamosi," alisema Sydney. "Tuje au tusije?"

"Nitakujibu kesho."

"Adongo." Alifungua mdomo, akaufunga. Aliufungua tena. Misuli ya shingo yake ilionekana ikifanya kazi, na Adongo alisubiri. Mungu anajua alisubiri. Angekubali neno lolote. Angekubali hata la kijinga.

"Shati," alisema Sydney mwishowe. "Sijui kama hili shati linafaa."

Adongo akatoka.

*

Alimkuta mama yake ufuoni Dunga, ameinama juu ya wavu wenye omena, dagaa wa ziwani, waliokuwa wanakauka, anawageuza kwa mikono. Mama Milka hakuuliza kwa nini binti yake ametoka kazini mapema. Alimsogezea nafasi tu, na Adongo akainama kando yake, na kwa muda wakageuza pamoja. Kisha akamweleza yote.

Mama Milka alisikiliza mpaka mwisho. Aliponyooka alishika kiuno.

"Kwa hiyo ni Mzungu aliandika."

"Ndiyo, Mama."

"Wa mpira."

"Wa mpira."

"Na huyu wetu akatafuta, akapata, akageuza kwa Kiswahili, akaleta."

"Aliiba, Mama."

"Nimesikia." Mama Milka aliwaangalia omena, kisha maji. "Sasa nisikilize na wewe. Mimi nilikaa na baba yako miaka thelathini na moja. Hakuniandikia hata mstari. Si kwamba alikosa shule, alikuwa na shule. Hakuwahi kusema nimependeza. Hakuwahi kusema chakula ni kitamu. Huyu wako hana maneno, akaona hana, ikamsumbua, akaenda kuyatafuta kwa wafu. Wangu hata hakujua yanahitajika. Ungeniuliza mimi, ningesema wacha waje."

"Wewe ndiye ulimkataa."

"Nilimkataa sikumjua. Sasa namjua. Ni mwoga, lakini anajua kutafuta. Kuna wanaume wabaya kuliko hao, na wanawake wanaolewa nao kila Jumamosi."

Adongo alikaa kwenye mchanga. Alichoka ghafla, uchovu wa mifupa. Sehemu fulani ndani yake ilikuwa inaanza kulegea. Akilini alimwona Sydney amekaa sakafuni, na pale nyuma ya sikio palipokatwa. Alifikiri, labda. Labda mtu husamehe kwanza, akaelewa baadaye.

"Hata siku ile ya mazishi mimi nilijua," Mama Milka aliendelea, akirudi kuinama. "Nilijua kuna kitu. Lakini nilinyamaza, ilikuwa tamu."

"Ulijua nini?"

"Ule mstari wa mlango. Ati anafunga polepole kama mtoto amelala." Mama Milka alicheka kidogo, kwa huzuni. "Ochieng? Baba yako alikuwa anabamiza mlango mpaka sahani zinalia. Umesahau? Ulikuwa unaamka unalia, mimi nakuja kukubeba. Niliposikia ile barua nikasema, huyu kijana anaongea juu ya baba wa nani? Halafu nikaona watu wanalia, nikasema wacha, wamzike akiwa mpole."

Adongo hakusikia yaliyofuata.

Alikuwa anajaribu kukumbuka. Tangu Agosti, kila alipomwaza baba yake alimwona akiingia nyumbani jioni, vumbi la mbao kwenye nyusi, anausukuma mlango kwa kiganja taratibu mpaka komeo linaingia bila sauti. Alikuwa ameiona picha ile mara mia. Alikuwa amelala nayo. Sasa aliitafuta ile nyingine, mlango unabamizwa, sahani zinalia, sauti ya baba ikiuliza kwa nini taa haijawashwa, na ilikuja, lakini kwa mbali, imechakaa, kama kitu kilichoachwa nje kwenye mvua. Baba yake halisi alikuwa mkali. Alikuwa na kelele, na aliimba vibaya, na alimpenda kwa kelele zile zile. Na Adongo alikuwa amembadilisha na baba yake Edna.

"Nyathina? Mbona hivyo? Nimesema vibaya?"

"Hapana, Mama." Adongo alitoa simu kwenye mfuko wa sketi. Alimwandikia Sydney maneno mawili tu: Msije Jumamosi.

*

Jumamosi watu wa Busia hawakuja, isipokuwa mmoja. Lornah alifika peke yake saa nne, akiwa na gauni lake la sherehe, na kitambaa kichwani, na kuku mmoja kwapani ili asiende kwa watu mikono mitupu. Alikaribishwa. Akapewa soda. Akaiweka chini bila kuonja.

"Mama Adongo," alianza, "mimi sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza, ili nikirudi nyumbani niwe na la kusema. Wanaume wa kwetu wamenunua suti. Kijana hali tangu Alhamisi." Akamgeukia Adongo. "Mwanangu, alikupiga?"

"Hapana, Shangazi."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Hapana."

"Analewa na mimi sijui?"

"Hapana, Shangazi. Hajawahi kunikosea adabu."

"Basi alifanya nini?"

Adongo alitafuta jibu. Aliona uso ule wa mama mzima aliyemlea Sydney tangu akiwa na miaka miwili, uso wenye jasho la safari na poda ya sherehe, unaosubiri dhambi inayoweza kubebwa mpaka Busia na kueleweka. Hakuwa nayo.

"Aliniandikia barua," alisema.

"Barua za matusi?"

"Barua nzuri sana."

Lornah alimtazama. Kisha akamtazama Mama Milka, kama mtu mzima anavyomtazama mtu mzima mwingine mtoto anapokuwa anazungumza upuuzi. Adongo alimsubiri mama yake aseme aliyoyasema ufuoni. Angekuwa na haki.

"Mama Lornah," alisema Mama Milka taratibu, "hata mimi sijaelewa vizuri. Lakini mimi ndiye natakiwa kusema nimekubali, na siwezi kukubali kitu mtoto wangu amekataa. Mtasamehe suti."

Lornah alitikisa kichwa. Alisimama, akajifunga kitambaa upya. Mama Milka alijaribu kumrudishia kuku, akakataa; alisema kuku hana kosa. Mlangoni aligeuka, na sauti yake sasa haikuwa ya sherehe wala ya ugomvi.

"Nilisikia siku ile," alimwambia Adongo. "Nilisema sisikii, lakini nilisikia. Alipokuwa mdogo hakuongea mpaka miaka minne. Tukampeleka kanisani, tukampeleka hospitali. Siku alipoongea, alisema maji. Kijiji kizima kilikuja kumsikia anasema maji." Akafuta jicho kwa pembe ya kitambaa. "Sasa wewe ulitaka hotuba."

Adongo alibaki amesimama pale mlangoni hata baada ya gauni lile kupotea kwenye njia ya kwenda barabarani. Mama yake alipomgusa bega alisema anakuja, lakini hakuja.

*

Jumatatu kiti cha Sydney kilikuwa kitupu. Caren alisema amepiga simu alfajiri, ameacha kazi, ameomba mshahara wake utumwe Busia. Hakuuliza zaidi. Wachapaji wote waliinama kwenye skrini zao kwa bidii isiyo ya kawaida, na hakuna aliyecheka.

"Lile boksi nimpe mtu mwingine?" Caren aliuliza kwa upole.

"Nitalimaliza mimi," alisema Adongo.

Zilikuwa zimebaki barua kumi na moja, zote za Edna. Mwandiko wake ulikuwa mdogo, umebanwa, wa mtu anayebania karatasi. Waungwana, nawaandikia tena kuhusu mume wangu. Waungwana, sikupata jibu la barua yangu ya Machi. Adongo alizisahihisha moja baada ya nyingine, koma kwa koma. Alikuwa kwenye ya saba simu yake ilipotikisika juu ya meza.

Ulikuwa ujumbe wa Sydney.

"Adongo nimefika nyumbani. Mvua inanyesha huku mahindi yamelala chini tunayainua na kamba. Mwavuli wako nilimwachia mama wa duka la chini ukipita uchukue. Ile siku nilitaka kusema usiende ikatoka shati. Ndio hivyo. Sydney."

Aliusoma. Akausoma tena polepole, kwa jicho la kazini, akitafuta mtu mwingine ndani yake. Hakumpata. Kila neno lilikuwa la Sydney, hata makosa.

Alianza kuandika jibu. Akalifuta. Akaanza tena, akafika mpaka jina la Sydney, na hapo akagundua kwamba kila sentensi inayomjia aliwahi kuisoma mahali, kwenye boksi fulani, kwa mwandiko wa mtu fulani aliyekufa. Alijaribu ya tatu na ya nne. Hata moja haikuwa yake.

Aliiweka simu kifudifudi mezani na akalia, kichwa chini, bila kujali nani anaona.